Ombi la Kuwahisha Somo la Miisho

Saluni ya Chini,
Mlango ulio kando ya ngazi zako.

Kwa Mwalimu wa Darasa la Waandishi Chipukizi wa Riwaya,
Ghorofa ya Kwanza, juu ya kichwa changu.

Ndugu Mwalimu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Sisi huku chini tu wazima, isipokuwa gego langu la kulia, ambalo nitalieleza kwenye lalamiko la tatu. Utashangaa kuandikiwa barua na mtu ambaye angeweza kupanda ngazi akakwambia ana kwa ana. Nilijaribu, Mwalimu. Nilipanda juzi nikiwa nimekasirika vizuri kabisa, lakini nilipofika mlangoni ulikuwa unawaeleza wanafunzi wako jinsi mtu mwenye hasira anavyopaswa kuingia chumbani. Wakageuka wote wakanitazama, na mmoja akaanza kuandika. Nikasema samahani, nimekosea mlango, nikashuka. Kwa hiyo naandika.

Mimi ni msusi. Saluni yangu iko chini ya darasa lako, na kati yetu kuna dari ya mbao tu. Ukivuta kiti, mteja wangu anamwagikiwa na vumbi. Ukikohoa, tunasema pole. Basi kila Alhamisi alasiri, unapowafundisha hao wako namna ya kuandika riwaya, unatufundisha na sisi, maana mikono yetu imo kwenye vichwa vya watu na hatuna pa kukimbilia. Sijawahi kulalamika. Tena wateja wengine siku hizi wanaichagua Alhamisi makusudi. Mama Pacha, ambaye nywele zake zinahitaji kupumzika, amekuwa akija kuoshwa kichwa kisafi ili tu asikose.

Shida yangu ni moja, ila imezaa. Mwanafunzi wako yule mrefu, daktari wa meno, anayekaa karibu na dirisha, ni mchumba wa binti yangu. Nasema mchumba kwa heshima tu. Kila mtu anajua kwamba atamwoa, ila yeye mwenyewe hajasema. Alikuwa aseme. Pete alishanunua, maana sonara alimwambia Mama Pacha, na Mama Pacha tangu azaliwe hajawahi kulikalia neno. Alikuwa aseme mwezi ule ule aliojiandikisha kwako. Tangu hapo kimya. Na mwisho wa mwaka anahamia hospitali ya mji mwingine, safari ya kutwa nzima. Akiondoka bila kusema, binti yangu atabaki na mimi hapa saluni, anawaosha watu vichwa huku macho yake yapo mlangoni.

Ndiyo maana nakuandikia kwa unyenyekevu mkubwa. Lile somo la namna ya kumaliza riwaya, ambalo umesema litakuja mwishoni kabisa mwa kozi, naomba liwahishwe, lifundishwe Alhamisi hii. Hata kama hamjafika. Sababu zangu ni hizi.

1. Salamu.

Umewafundisha kwamba mazungumzo ya kwenye riwaya yasipoteze muda kwa salamu. Habari za nyumbani, habari za kazi, za tangu juzi, vyote vifutwe, mtu aingie katikati ya jambo. Hilo ni sawa kwa watu wa kwenye karatasi, hawana wakwe. Huyu wetu anaye. Zamani akifika alikuwa anabisha hodi, anaingia, anasalimia kila kichwa, hata kile kilichomo ndani ya draya kisichosikia kitu. Nilikuwa najivuna naye. Sasa anasukuma mlango, anasimama kizingitini, anasema, "Lakini Baba Mdogo hakujua kilichokuwa ndani ya lile godoro."

Basi. Hakuendelea. Vichwa vyote vikageuka kwa pamoja, nami nikamchoma mteja sikio kwa chanuo la moto. Tulimbembeleza mpaka koo zikakauka. Kilikuwa nini ndani ya godoro? Pamba, Mwalimu! Baba Mdogo wake, mzee aliyemlea tangu utoto, ni fundi magodoro. Ndani ya godoro kulikuwa na pamba.

2. Onyesha, usiseme.

Hili ulilisema kwa sauti kubwa zaidi ya mengine yote, hata dari ikamwaga vumbi. Mwandishi asiseme mhusika ana huzuni, aonyeshe. Haya. Huyu kijana alikuwa anamwambia binti yangu anampenda, kwa maneno, tena mara nyingine mbele yangu, nami najifanya natafuta kitana. Siku hizi hasemi, anaonyesha. Anakaa kwenye kiti cha wateja, anakaza taya, anashika kikombe cha chai kwa mikono yote miwili mpaka chai inapoa, anatazama dirishani kama anayeona mvua, na nje jua linawaka. Binti yangu alimuuliza kama tumbo limejaa gesi. Mimi nikampa maji ya moto. Akayanywa taratibu, akashusha pumzi, akaenda zake. Mpaka leo hatujui alikuwa anaonyesha nini.

Na katika lalamiko hili hili naomba nichomeke jingine dogo. Siku moja alimwambia binti yangu kwamba yeye ni mhusika duara. Nimeelezwa baadaye kwamba hiyo ni sifa, maana yake ni mtu mwenye mambo mengi ndani yake. Lakini hukumfundisha kwamba aifafanue, na mtoto alilala na njaa kwa hasira. Mimi alisema ni bapa. Niliposimama mbele ya kioo, Mwalimu, kwa umbo hili alilonijalia Mungu, sikujua nicheke au nimfukuze.

3. Taharuki, pamoja na gego.

Ulisema mwandishi hodari hampi msomaji anachokitaka pale anapokitaka. Anamsogezea mpaka karibu na mdomo, kisha anakiondoa, na sura inakatika hapo hapo. Nakumbuka vizuri kwa sababu wateja wote walisema "ahaa".

Wiki iliyofuata Daktari alimpeleka binti yangu mkahawani kula chakula cha mchana. Alivaa suti. Alimshika mkono, akamwambia, "Kuna jambo nimetaka kukwambia tangu siku ile ya kwanza." Mtoto akaweka uma chini. Akasema, "Jambo lenyewe ni..." Kisha akamwita mhudumu, akasimama, akamrudisha nyumbani, akamwacha mlangoni. Binti yangu hajalala vizuri tangu siku hiyo. Mimi pia. Mama Pacha anasema hata yeye, na hahusiki kabisa.

Nilidhani maradhi haya ni ya mapenzi tu, kumbe yameingia mpaka kazini. Nilikwenda kwake na hili gego. Akanipiga ganzi, akachokonoa, akachukua koleo, akalikamata jino, akalitikisa, likaitika. Nikafumba macho nikasema sasa. Akasimama. Aliniangalia kwa macho ya mbali, akalaza koleo kwenye sinia, akaniambia tuonane wiki ijayo. Nikamuuliza kwa nini. Nadhani nilimuuliza, kwa sababu mdomo ulikuwa na ganzi na kilichotoka ni mate. Akasema, kwa upole, kwamba lazima mtu awe na sababu ya kurudi. Sababu ya kurudi ninayo, Mwalimu! Iko kinywani, inadunda! Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Wao hawakuwa wametibiwa na mwanariwaya.

4. Benchi langu.

Hili halimhusu Daktari, lakini maadamu nimeshashika kalamu, nalo liingie. Umewatuma wanafunzi wako wakasikilize jinsi watu wa kawaida wanavyozungumza. Wangeweza kwenda sokoni. Wangeweza kwenda stendi, au kwa wazazi wao. Wameshuka ngazi tu. Wanajaza benchi langu, wanaume wazima wenye vipara, wakiulizwa wanasema wanangoja kusukwa.

Na wateja wangu wameniharibikia. Zamani walisimulia mambo ya kweli kwa sauti ya chini, sasa wanasimulia ya uongo kwa sauti ya juu, kila mmoja anataka kuandikwa. Mama Pacha ametangaza mbele ya benchi zima kwamba anaishi na siri nzito. Mumewe, muuza vioo, maskini wa watu, alinijia amefura, anataka kujua ni siri gani. Nikamwambia baba, kama mkeo angekuwa na siri, usingekuwa na haja ya kuuliza, maana sote tungekuwa tumeshaisikia jana yake. Akatulia. Lakini kazi yangu ni kusuka, siyo kusuluhisha ndoa za watu.

5. Kizuizi.

Hapa ndipo maji yaliponifika shingoni, kwa hiyo naomba usome polepole.

Ulisema kwamba wapendanao wasio na kizuizi hawana riwaya, wana tangazo la harusi. Nikiwa na kichwa cha mtu mapajani nilihisi kabisa kwamba maneno hayo yatamfika huyu kijana pabaya. Yalimfika. Alitafuta kizuizi kila mahali asikipate. Mimi nampenda, kijana anayejua kuvaa soksi zinazofanana na mwenye kazi ya mikono yake. Baba Mdogo wake anampenda binti yangu, na kila Jumamosi alikuwa anapita saluni na kofia yake kutujulia hali. Hakuna ugomvi wa ukoo, hakuna mke wa siri, hakuna hata jirani mwenye kijicho. Akanijia kichwa chini, mikono kifuani, akaniomba kama nisingejali niipinge ndoa yake. Wiki moja tu, alisema, aone inavyouma, kwa ajili ya sura ya tano ya riwaya yake.

Mtu mwenye akili timamu angekataa. Lakini aliniomba kwa adabu, na siku hiyo, Mwalimu, alinisalimia.

Jumamosi ikafika. Baba Mdogo akaingia, akakaa, akaweka kofia gotini. Saluni imejaa, benchi limejaa watu wako. Nikaanza polepole, nikasema hapana, binti yangu haolewi. Benchi zima likafungua daftari. Basi ulimi ukanogewa. Nikasema mtu ambaye kazi yake ni kung'oa, atapanda nini? Nikasema nani aliwahi kufurahi kumwona daktari wa meno? Nikasema sikumzaa mtoto, nikamlea peke yangu, nikamfundisha kwa mikono yangu hii mpaka akawa anasuka mistari myembamba kunishinda, ili aje mtu na koleo amchukue, ampeleke mji ambao mimi sina hata wa kumwomba maji. Nikapiga meza. Kopo la mafuta likaruka. Wateja walipiga makofi, na mwanafunzi wako mmoja, yule mwenye shati la mistari, alilia waziwazi. Hata mimi nilishangaa yalikuwa yanatoka wapi.

Sasa sikia. Hakuna aliyekuwa amemwambia Baba Mdogo.

Mzee alisimama. Akavaa kofia. Akasema, taratibu sana, kwamba mtoto aliyemlea hakumwokota jalalani, akatoka. Nilimkimbilia na chanuo mkononi nikimweleza kwamba nilikuwa kizuizi tu, tena cha sura ya tano, na jinsi nilivyozidi kueleza ndivyo alivyozidi kuharakisha mwendo. Tangu hapo haitikii salamu zangu. Amepeleka neno kwamba kama nyumba yetu haimtaki kijana wake, basi na kijana wake hataikanyaga. Mzaha mzaha, hutunga usaha. Tulitaka kizuizi cha karatasi, tumepata cha kweli, kina kofia, kina heshima zake, na kina haki ya kukasirika.

Daktari hajaonekana wiki nzima. Na binti yangu, ambaye mambo yote haya ya darasa lako alikuwa anayacheka mpaka anashika mbavu, hacheki tena. Jana alimwosha mteja, akamfuta, akamkalisha, kisha akamrudisha kwenye beseni akamwosha upya. Uchungu wa mtoto hauna maneno, Mwalimu, na hapa sizungumzii riwaya.

Kwa hayo yote, naleta mapendekezo yangu, nikiamini yataboresha pia sanaa yenyewe ya uandishi, maana sina nia ya kubomoa tu.

Kwanza, kama nilivyosema, somo la miisho liwe Alhamisi hii. Sielewi kwa nini linawekwa mwisho. Mimi simfundishi msusi mpya kuanza kichwa kabla hajajua kufunga ncha, la sivyo nitakuwa na mji mzima wenye nywele zinazofumuka.

Pili, mtu yeyote anayetaka kuandika riwaya aonyeshe kwanza jambo dogo ambalo amewahi kulimaliza. Jino, kwa mfano. Au sentensi aliyomwanzia msichana mezani.

Tatu, wenye wachumba wasisajiliwe kabisa kwenye riwaya mpaka waoe. Wakizidiwa na hamu wapelekwe kwenye ushairi. Shairi lina beti chache, mtu anauona mwisho wake hata akiwa amesimama.

Nne, vizuizi vyote vitakavyotumika kwenye mazoezi viombewe ruhusa ya maandishi ya baba wadogo, mama wakubwa, mashangazi na wajomba wa pande zote mbili. Nimetafakari sana na sioni njia nyingine. Ikibidi, ukoo mzima ujiandikishe darasani, ili kila mtu ajue ni nani anayeigiza. Najua chumba chako ni kidogo. Wengine wanaweza kukaa huku chini na kusikiliza kupitia dari, sauti inafika vizuri.

Tano na la mwisho, umwandikie Baba Mdogo, kwa mhuri wa darasa, kwamba maneno yale yote niliyasema nikiwa mhusika, na kwamba ndani yake hapakuwa na chembe ya ukweli. Mimi nikimwambia haamini. Wewe una mhuri.

Nakuomba usinielewe vibaya. Sina ubaya na riwaya. Wala usidhani naogopa mtoto kuolewa akaenda mbali, hilo nilishalizoea zamani na halinisumbui hata kidogo. Ninachotaka ni kimoja tu: huyu kijana afike mwisho, aseme, na binti yangu acheke tena. Ninaomba ufanye haraka.

Nisalimie wanafunzi wote wa hapo juu, hasa yule mwenye shati la mistari, mwambie aje apumzike na chai. Msalimie mkeo, na umwambie kichwa chake kimekaribia kuhitaji marekebisho. Wasalimie na wahusika wote mliowaua muhula huu, niliwasikia wakifa mmoja mmoja na baadhi yao nilikuwa nimeshawapenda.

Wako ninayengoja, na kuchoka kungoja,

Msusi wa Chini,
mama wa msichana.

Nyongeza: Sikuwahi kuifunga bahasha. Mlango umebishwa hodi, na ni Daktari. Amesalimia kila mtu, mmoja mmoja, akainama mpaka ndani ya draya akasalimia na huko. Nyuma yake yupo Baba Mdogo, kofia mkononi. Daktari amesema ameishi na kizuizi cha kweli wiki nzima na hakina utamu wowote. Hakuweza kukiandika wala kula. Akamweleza mzee kila kitu tangu mwanzo, bila kubakiza kitu cha baadaye. Mzee alicheka, anasema, mpaka akakaa chini. Amenipa mkono. Nami nimemwomba radhi kweli kweli.

Kisha Daktari amemgeukia binti yangu, aliyekuwa na povu mpaka kwenye viwiko, akamwambia anampenda, anataka wafunge ndoa kabla hajahama, waende wote. Hivyo hivyo, kwa mdomo wake. Mtoto amesema ndiyo kabla sentensi haijaisha. Amecheka, Mwalimu. Saluni nzima imepiga makofi, nami nimepiga mpaka viganja vinawaka.

Wametoka wote nje kupiga picha. Mimi nimerudi ndani kuzima draya, nikakuta aproni yake ameitundika msumarini. Ameikunja mikanda vizuri, kama mtu aliyemaliza kazi. Nimeishika nikalia, peke yangu, kwa sauti, mpaka nikalisahau jino. Yale niliyoyasema Jumamosi ile, nilipokuwa kizuizi, sikuwa naigiza hata neno moja.

Kwa hiyo nakusihi uyafute yote yaliyo hapo juu. Somo la miisho usiliwahishe, na ukiweza usilifundishe kabisa. Haraka haraka haina baraka. Mwite Daktari umwambie, wewe ni mwalimu wake atakusikia, kwamba amekimbiza mambo mno, hakukaza taya, hakutazama hata dirishani, kwa hiyo arudi akaanze upya polepole. Sisemi wasioane. Nasema tu bado mapema. Ninaye huyu mmoja, Mwalimu, sina mwingine. Niongezee sura moja tu, hata fupi.